Bango Kwenye Malka

Malka ni njia ya ng'ombe. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa na watu wa Nairobi kama ni jina la msichana. Ni ukanda wa ardhi unaotoka nyikani, unapita katikati ya mashamba na kuishia mtoni, ili mfugaji anyweshe mifugo yake bila kukanyaga mahindi ya mtu. Sisi Wapokomo tunalima kingo za mto. Waorma wanafuga huko nyuma, kwenye nyanda. Kiangazi kikikaza na mabwawa ya huko yakikauka, ng'ombe hana pa kwenda isipokuwa Tana, na kati ya ng'ombe na Tana kuna shamba la mamangu.

Njia hiyo ikizibwa, ng'ombe hupita shambani, na ng'ombe wakipita shambani mapanga hutoka. Tuna mwaka mmoja katika delta yetu ambao kila mtu anaujua na hakuna apendaye kuutaja. Nilizika watu mwaka huo. Tangu hapo sina subira na mtu anayezungumzia amani huku ameegemea kiti.

Kwa hiyo tulipounda kikundi chetu Garsen, wakulima na wafugaji pamoja, nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba hatutafanya semina. Tutafungua malka. Mwenyekiti wetu alikuwa mama wa Kiorma anayeuza maziwa pale stendi, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, na alipolisikia hilo ndipo alipokubali kukaa. Mimi nikapewa cheo cha mratibu, maana yake ni kwamba mimi ndiye niliyefagia ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo la Msomali mmoja. Kikao kikianza, basi la Lamu lilipiga honi. Kikifika penye maana, la Malindi likajibu.

Malka tuliyoianza ilikuwa ya upande wa kwetu, karibu na Kilelengwani. Ilikuwa imezibwa na mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa zamani kuzuia jangwa na sasa wenyewe hauzuiliki. Na pale ambapo mathenge haikufika, wakulima tulikuwa tumefika. Watu kadhaa walikuwa wamelima ndani ya njia ya zamani, na kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa cha mama. Nilimwendea nikamwomba akitoe.

Kesho yake mama, akipepeta mchele, aliniuliza bila kuinua macho: "Nikitoa, unanihakikishia hawatakula kilichobaki?"

"Nakuhakikishia, mama."

"Si kikundi chako. Wewe."

"Mimi."

Akatoa. Hilo ndilo lililokuwa mabegani mwangu msimu ule wote, wala si mradi, wala si ripoti. Nilikuwa nimempa mama yangu neno langu juu ya chakula chake.

Sasa, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Malka ile isingefunguka bila msaada. Serikali moja ya ng'ambo, yenye desturi ya kusaidia vikundi vidogo vya raia katika nchi kama zetu, ilitupa ruzuku kupitia shirika kubwa la Nairobi. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, nami niliinama hadi mgongo ukaniuma: maombi, marekebisho ya maombi, maelezo ya marekebisho. Lakini walipokubali, walikubali kweli. Tulinunua mapanga na glavu nene za kung'olea miiba. Tulipata petroli ya pikipiki. Tulipika pilau kwa ajili ya wazee wa pande zote mbili, na nawaambieni, mkono mtupu haulambwi. Mzee aliyetembea tangu alfajiri hawezi kukaa njaa mnazungumza mipaka. Wazee wakala, wakabishana, wakanuniana, wakala tena, kisha wakaitembea ile njia pamoja kutoka nyikani mpaka majini, huku mama yangu nyuma yao akihesabu kwa macho kila shina la pojo lililokuwa kando. Niliona fahari. Niliona fahari mpaka nikashindwa kulala vizuri.

Mkataba wa ruzuku ulikuwa na kipengele walichokiita cha mwonekano. Kazi ikikamilika, pawekwe bango lenye bendera ya nchi iliyotoa msaada, jina la shirika la Nairobi, na maneno ya shukrani. Nilipinga. Nilipinga kwa sababu ya kijinga: niliwaambia vyuma vile vitaibwa viende kuezekea choo cha mtu. Dada wa Nairobi aliyekuwa akisimamia ruzuku yetu, msichana mwerevu, mpole, mwenye sauti ya kumwomba mtu radhi kabla hajamkosea, akaniambia wataweka nguzo za chuma ndani ya saruji. Basi, hoja yangu ikaishia hapo.

Bango likaja juu ya pikapu. Lilikuwa zuri, sitasema uongo. Jeupe, refu kuliko mtu, na chini ya bendera palichorwa mikono miwili imeshikana. Tulilisimamisha mdomoni mwa malka, upande wa nyikani, mahali ng'ombe wanapoingilia, ili kila ajaye alione. Tukapiga picha. Mwenyekiti wetu akasimama kando yake na kitambaa chake cha kijani, mimi upande wa pili, na nikaituma Nairobi siku hiyo hiyo. Tukarudi Garsen kusubiri kiangazi.

Kiangazi kikaja. Mama alinipigia simu asubuhi nikiwa nakunywa chai.

"Mwanangu," akasema, taratibu kabisa, na utulivu ule ndio ulionitia baridi. "Ng'ombe wako wamefika. Wako kwenye mahindi."

Sikumaliza chai. Nilimpitia mwenyekiti pale stendi, akawaachia wenzake madumu ya maziwa, tukapanda pikipiki moja. Nilikuwa namkasirikia, Mungu anisamehe. Nilikuwa nawaza: watu wako, mwenyekiti, watu wako wamenifanyia nini? Naye baadaye aliniambia kwamba alikuwa akiwaza hivyo hivyo juu ya watu wangu, kwamba bila shaka wameziba njia.

Hawakuwa wameiziba. Malka ilikuwa wazi, imefyekwa safi, ungeweza kutandika mkeka. Na hakukuwa na ukwato hata mmoja ndani yake. Nyayo zote zilifika mpaka kwenye bango, zikasimama pale, zikavurugika, halafu zikageuka na kushika kushoto, moja kwa moja ndani ya mahindi ya mama. Upande wa mto sehemu kubwa ya shamba ilikuwa bado imesimama. Upande wa nyika mabua yalikuwa yamelala.

Vijana wa kijijini kwetu walikuwa wamekusanyika kwenye ukingo wa shamba na mapanga yao, yale yale tuliyoyanunua kwa ruzuku. Mmoja wao, niliyemfundisha kusoma kwa mikono yangu hii, akanitazama bila haya.

"Madam, hii story ya amani imeisha," akasema. "Tuachie."

"Haijaisha mpaka niseme mimi," nikamjibu. "Kaa chini."

Sijui nilitoa wapi sauti ile. Hakukaa, lakini hakusogea pia, na kwa wakati ule ilinitosha. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuvuka kwenda upande wa pili, ambako wafugaji walikuwa wamesimama na mikuki yao, ng'ombe wamejazana nyuma yao wakilia kwa kiu. Nikamfuata. Mbele alikuwa mzee mmoja wa Kiorma, mwembamba, shuka begani, mmoja wa wale wale walioitembea njia na kula pilau yetu. Nilimwuliza kwa hasira yote niliyokuwa nayo kwa nini ameacha njia aliyoikubali mwenyewe.

Akainua fimbo akaielekeza kwenye bango.

"Binti, ile iko nini?"

"Ni bango tu, mzee. La waliotusaidia."

"Bango tu." Akayarudia maneno yangu kama mtu anayeonja maziwa yaliyochacha. "Mimi nasoma hapana. Lakini bango mimi najua. Ya kwanza ilikuja, wanasema ya miwa. Sisi nahama. Ingine ikakuja, wanasema mbegu ya mafuta. Sisi nahama. Bango ikikuja, nyuma waya inakuja. Nyuma ya waya askari anakuja. Sasa mimi naingiza ng'ombe hapo, wanashika ng'ombe yangu, mimi nadai nani?"

"Lakini uliitembea njia hii na sisi!"

"Tulitembea, bango hapana. Tumerudi, bango iko. Sisi nasema, wameuza."

Nilimgeukia mwenyekiti wetu. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. Yeye Muorma, mimi Mpokomo, wote wawili tumezaliwa delta hii na kuona yale mabango ya zamani yakisimama na watu wakiondolewa nyuma yake, na wote wawili tulikuwa tumesimama kando ya lile jipya tukatabasamu. Kwa jinsi tulivyokuwa tumezoea kuketi mezani na wafadhili, tuliliona kwa macho yao. Hata wakulima wangu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba labda mama amepewa kitu kidogo.

Nikampigia dada wa Nairobi. Mtandao wa pale unapatikana ukisimama juu ya tuta, kwa hiyo nilisimama juu ya tuta, vijana wangu kushoto, wafugaji kulia, wote wakinitazama. Nikamweleza kwa ufupi. Nikamwambia naling'oa bango.

"Ngoja kwanza," akasema. "Tafadhali, ngoja. Mgeni wa ubalozi anakuja huko wiki ijayo, na kitu cha kwanza atakachotaka kuona ni bango. Kuna mkataba. Siwezi kukuruhusu mimi, lazima tuwaulize wenyewe."

"Waulize lini?"

"Niandikie maelezo leo. Na wakati tunasubiri, hamuwezi kufanya kikao cha uhamasishaji? Mkawaeleza jamii maana ya bango?"

Nilitazama ng'ombe. Kuna mmoja, jike jeupe, alikuwa amepiga magoti.

"Dada yangu," nikasema, "ng'ombe hahamasishwi." Nikakata simu.

Najua wapo watakaosema nilifanya jeuri, na ni kweli. Lakini ikumbukwe kwamba niliogopa. Ruzuku ile ndiyo iliyolipa chumba, petroli, na vikao vya malka nyingine zilizokuwa zikisubiri, mpaka za huko juu Wenje. Kukivunja kipengele kimoja ilikuwa sawa na kuuvunja mkataba wote. Nilisimama juu ya tuta nikipima, na bado napima ninapoandika haya, na kila nikipima naona ningelitenda lile lile.

Ila sikuwa wa kwanza. Nilipogeuka, mama alikuwa tayari amefika kwenye bango. Alipitaje katikati ya mikuki na mapanga na jembe begani sijui, hakuna aliyethubutu kumwuliza. Aliinama akaanza kuchimba kwenye nguzo ya kwanza. Saruji ikalitoa jembe cheche.

"Mama, subiri," nikasema.

"Nisubiri nani?" Hakuacha kuchimba. "Mimi nilitoa njia ya ng'ombe. Sikutoa mahali pa bango. Kuna mtu aliniuliza juu ya bango?"

Hakuna mtu aliyemwuliza. Juu ya njia tulikuwa tumewauliza wazee; juu ya bango, chifu na Nairobi. Mwenye ardhi hatukumwuliza, kwa kuwa alikuwa mamangu na nilidhani namjua. Nilichukua mtaimbo kwenye pikipiki ya fundi mmoja nikaenda kumsaidia. Mwenyekiti akafunga kitambaa chake nyuma ya shingo akashika nguzo. Yule mzee wa Kiorma akasema neno kwa lugha yake, na wafugaji wawili wakaweka mikuki chini wakaja na kamba. Vijana wetu hawakuja. Walisimama wakatazama, isipokuwa mmoja, aliyekuja mwishoni kabisa akalalamika kwamba tunavuta vibaya.

Nguzo ya pili iliposalimu amri, bango likaanguka kifudifudi na vumbi likatimka. Yule mzee alilizunguka, akaligusa kwa fimbo, akaangalia nyuma yake kama kuna waya. Halafu akapiga mluzi. Ng'ombe waliingia malka kwa mbio, wakabanana, wakapanda juu ya matawi ya mathenge tuliyoyapanga kando, lakini hawakutoka njiani, kwa kuwa walikuwa wameshanusa maji. Mama alisimama mbele ya mahindi yaliyobaki, mikono ameitanua, mpaka wa mwisho akapita.

Habari ya yale yaliyoliwa, wazee waliimaliza wenyewe kwa njia zao na mama hakulalamika kwangu. Alisema jambo moja tu: "Ulinihakikishia." Ningesema nini?

Mgeni wa ubalozi alikuja wiki iliyofuata, kijana mwenye kofia pana na viatu vizito, na dada wa Nairobi akimtafsiria. Sikumficha neno. Nilimpeleka mpaka penye mashimo mawili nikamweleza kilichotokea tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri, hilo nitamshuhudia. Kisha akauliza swali lake, na dada akalitafsiri akitazama chini:

"Sasa wananchi watajuaje ni nani aliyewasaidia?"

Nilikuwa na jibu kali mdomoni. Mwenyekiti akaniwahi.

"Mwambie aangalie ng'ombe," akasema. "Anakunywa. Yeye nataka nini ingine?"

Mgeni aliangalia ng'ombe kwa muda mrefu. Akasema sheria ya mabango si yake, na kwamba angeandika alichokiona. Sehemu iliyobaki ya ruzuku ikazuiwa mpaka tutoe maelezo, nasi tukatoa maelezo, na sikuweka ndani yake neno la kuomba radhi. Dada wa Nairobi alinisihi niongeze sentensi moja tu ya kujutia. Nikamwambia sentensi hiyo sinayo.

Nilijiandaa kwa adhabu. Nilijiandaa hasa, nilikuwa nimeshapanga hotuba. Adhabu haikuja. Kilichokuja ni habari redioni kwamba nchi ile imepata viongozi wapya, na viongozi hao wameona fedha za misaada ni heri zibaki nyumbani kwao. Vikundi vyote vikakatiwa: vilivyoweka mabango na visivyoweka, vilivyoandika vizuri na vilivyoandika ovyo. Dada wa Nairobi alinipigia kuniaga. Alisema yeye na wenzake wote wameachishwa kazi, na sauti yake ile ya kuomba radhi ikapasuka katikati. Ndipo nilipomwonea huruma kwa mara ya kwanza, nikamwambia aje Garsen nitampa maziwa ya ngamia. Alicheka huku analia.

Tulirudisha funguo za chumba. Pikipiki ikauzwa. Wazee waliokuwa wakija vikaoni wakaacha kuja, na siwalaumu, ingawa wapo niliowatolea maneno mabaya. Na mathenge haijui habari za ubalozi: mvua zilipopita, iliota upya ndani ya malka, ikapanda mpaka kiunoni, miiba yake mirefu kuliko kidole. Ikifika kiangazi haijafyekwa, basi kila kitu kitarudi pale pale, na safari hii hakutakuwa na wa kumpigia simu. Nilikaa kwa mama jioni kadhaa nikikokotoa nani aombwe, shirika gani lililosalia, kaunti, kanisa, msikiti. Mama alinisikiliza akachoka.

"Wewe unatafuta mtu wa kukuruhusu," akaniambia.

Asubuhi hakuwa nyumbani. Nilimkuta malkani, amevaa zile glavu nene, moja kubwa moja iliyotoboka, anafyeka. Niliingia kando yake. Tulifyeka mpaka jua likawa kali, na tulikuwa tumesogea hatua za aibu. Kesho yake nikampigia mwenyekiti. Akaja na wanawake wawili wauza maziwa ambao hawakuwa na shamba wala sababu ya kulipenda shamba la Mpokomo, ila walikuwa na ng'ombe. Siku nyingine tulikuwa wengi, siku nyingine tulikuwa mimi na mama tu. Yule kijana wa story ya amani alipita mara nyingi akitutazama, na siku moja akaja na panga lake, akasema anafanya mazoezi ya mwili. Nikamwambia karibu.

Hatukuwa tumemaliza kiangazi kilipoingia. Nilikuwa nimeinama nang'oa mwiba kiganjani mwa mwenyekiti wakati mfugaji mmoja alipotokea mdomoni mwa malka na kundi lake, mgeni kabisa, mtu wa mbali, sijawahi kumwona. Alisimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, anatafuta kitu cha kumwambia njia hii ni ya nani. Hakuona kitu isipokuwa wanawake waliotapakaa jasho na kijana mmoja.

"Hii njia," akauliza, "nani nafungua?"

"Sisi," akasema mama.

"Sisi nani?"

Mama alinyoosha mgongo. Nilimwona akimtazama mwenyekiti, akanitazama mimi, akawatazama wale wauza maziwa, kisha akayatazama mahindi yake.

"Wewe nywesha ng'ombe," akamwambia. "Ukimaliza urudi. Miiba bado mingi."